Moto wa Mama Ndani ya Lori la Jeshi

Jumamosi, 14 Septemba

"Gari si nyumba. Nyumba ina mafiga matatu na moto wa ukoo. Anayelala ndani ya gari ni mgeni, au ni mwizi wa ng'ombe."

Hayo ameyaandika shemeji yangu Erasto leo asubuhi kwenye kundi la ukoo la simu, na kufikia saa nne wanaume thelathini na wanne walikuwa wameshamnyooshea kidole gumba. Twende naye polepole. Mafiga: mke wa Erasto anapikia gesi, na mafiga anayoyalilia nimeyaona kwa macho yangu, yanazuia mlango wa banda la kuku usipigwe na upepo. Mgeni: nimeolewa hapa Gorong'a mwaka wa kumi na tisa huu, nimefundisha historia watoto wa nusu ya wanaume hao, na bado ni mgeni kila ninapofungua mdomo. Mwizi wa ng'ombe: hapo simjibu, kwa kuwa najua zizi lake lilianzaje, na yeye anajua kuwa najua.

Sasa niseme kwa nini tunataka kulala ndani ya gari, maana Erasto anajua na amejifanya hajui. Mume wangu Jackson, aliyekuwa dereva jeshini miaka ishirini na miwili, amenunua mnadani lori la jeshi la zamani. Alitaka abebee mahindi. Mimi nimesema hapana, tutalifanya nyumba: vitanda, jiko, tangi la maji, na mlango unaofungwa kwa ndani. Mwisho wa Novemba tunapanda wote wanne, tunaondoka, turudi shule zikifunguliwa.

Huu ni mwaka wa kukeketa. Gati, binti yetu wa pili, amemaliza mtihani wa darasa la saba juzi Alhamisi. Ana miaka kumi na mitatu.

Miaka miwili iliyopita ilikuwa zamu ya dada yake, Lilian. Tulimficha kwa shangazi yake Mokami, ng'ambo ya mto Mara, Kenyamonta. Walimfuata hukohuko. Alirudi anatembea kama ajuza, na tangu siku hiyo sijakanyaga kwa Mokami. Nyumba ya mtu mwingine ina ufunguo ambao hushiki wewe. Kituo kinachohifadhi wasichana nimekipigia tangu Agosti, wamejaa, watoto wanalala wawili wawili. Basi. Nyumba yangu itakuwa na magurudumu sita na makomeo matatu, na ufunguo utakaa shingoni mwangu.

Jumanne, 17 Septemba

Lori limefika, linavutwa na trekta. Ni la kijani, refu kuliko jikoni kwetu, na nyuma lina boksi la bati zito ambamo jeshi walikuwa wakibeba mitambo ya redio. Ndani kunanuka grisi na panya. Ukutani kumeandikwa kwa rangi nyeupe: ZIMA MITAMBO KABLA YA KUTOKA. Jackson alilizunguka mara tatu, kisha akasimama mbele yake, mikono nyuma. Gati akanong'ona, "Mama, baba anataka kulipigia saluti." Tulicheka wote, hata Lilian.

Jumanne, 24 Septemba

Fundi Yassini amekuja kutoka Mugumu na mashine yake ya kuchomelea na jenereta. Atakaa kwetu mpaka kazi iishe. Ni mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, anaongea na chuma kabla ya kukigusa. Hakugusa kitu leo.

"Mwalimu, rangi kwanza," alisema. "Gari la raia halipakwi kijani cha jeshi. Nikikutwa humu, mimi na wewe tutalala mahali ambapo komeo liko kwa nje."

Rangi tuliyopata ni bluu iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa. Lori la vita sasa lina rangi ya sare za kwaya.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua. Hakuna kazi.

Jumapili, 6 Oktoba

Vitanda viwili vya chini vimesimama, vya chuma, vimeungwa ukutani. Yassini aliuliza vya juu vya nini, tuko wanne tu. Nikamwambia achomelee viwili juu, tutaweka mizigo. Kisha akauliza makomeo mangapi.

"Matatu. Ya ndani."

Akapima mlango, akaandika kwa chaki, akafuta, akaandika tena. "Mimi nina Zaitun nyumbani," alisema bila kugeuka. "Analingana na Gati." Hakuuliza lolote zaidi. Bawaba alizochagua ni za geti la gereji.

Alhamisi, 10 Oktoba

Erasto tena. Anasema mwanamke asiyekeketwa hawezi kufungua mlango wa zizi, na kwamba mimi nimeharibiwa na vitabu. Nimemjibu sentensi arobaini na moja. Nimemwonyesha kuwa kila mila anayoiita ya tangu kuumbwa dunia ina tarehe. Kwamba babu zetu waliacha kung'oa meno na ukoo haukufa. Kwamba mzee anayesema "ndivyo tulivyo" mara nyingi anamaanisha "ndivyo ninavyokula". Wasichana wakikeketwa, nani anapokea zawadi? Mahari ya nani inapanda? Ngariba anagawana na nani?

Niliposhusha simu mikono ilikuwa ya moto. Wanaume saba wameniandikia pembeni, kwa siri: Tuko pamoja, mwalimu. Wa kwanza ni jirani yetu Simon. Binti yake Kisyeri amekaa dawati moja na Gati miaka saba. Kundini hakuna hata mmoja aliyetia neno.

Jackson alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Umeshinda?" akauliza.

"Nimeshinda."

"Basi njoo unishikie jeki."

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua siku ya tatu. Petroli ya jenereta imekwisha, na pikipiki haziwezi kupita kuileta. Jackson hafanyi vitanda, hafanyi tangi, yuko kwenye giaboksi tangu asubuhi. Anasema gia ya pili inaruka. Wiki iliyopita klachi, leo gia. Nahesabu siku, yeye anahesabu boliti.

Nitaandika ninachokiwaza, kwa kuwa daftari hili halina kidole gumba. Erasto ni kaka yake. Wamenyonya ziwa moja. Mtu asiyetaka kumkatalia kaka yake anaweza kufanya nini? Anaweza kutengeneza gari polepole.

Jumanne, 22 Oktoba

Madirisha mawili yamekatwa, yametiwa nondo. Gati ameshona mapazia kwa kitenge changu kipya bila kuniomba. Nimemsaidia kuyatundika.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo tumegombana mpaka Yassini akazima mashine na kwenda kuswali kabla ya wakati.

Jackson anasema hawezi kulala na watoto wake katika nyumba ambayo haijawashwa moto. Kwao nyumba mpya haihamiwi mpaka dada wa mwenye nyumba alete kaa la moto kutoka jikoni kwa mama yao, aliweke jikoni mwa nyumba mpya, na alilinde lisizimike mpaka wenyewe wahamie. Dada yake ni mmoja tu. Mokami.

"Mokami aliyemtoa Lilian?"

"Sina dada mwingine, Mama Lilian."

"Wewe ni askari mstaafu. Umefundishwa kusoma ramani na injini ya dizeli. Leo unaniambia kaa la moto?"

"Naam," akasema, "nakuambia kaa la moto."

Nilimwambia mengi. Nilimwambia kuwa yeye na Erasto ni sufuria moja na mfuniko wake. Nilimwambia kila anayepiga magoti mbele ya kaa leo atapiga magoti mbele ya kisu kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua spana, akarudi chini ya lori. Lilian alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango anachambua mchele. Aliniangalia kwa namna ambayo sijui kuiandika.

Jumapili, 3 Novemba

Lazima niandike hili lote, hata kama kalamu haitaki.

Baada ya ibada nilimwita Lilian ndani ya lori. Nilitaka aniunge mkono. Nikamwambia, "Mwambie baba yako alivyokufanyia shangazi yako." Akakaa kitandani, akaweka mikono magotini, akaniuliza, "Mama, unafikiri walijuaje nilipo?"

"Mokami aliwaambia."

"Shangazi alifunga mlango. Walipokuja alisimama mlangoni na mchi. Walimvunja mkono, mama. Ule mkono wa kushoto haunyooki mpaka leo. Ungeuona kama ungekwenda kumsalimia."

Nikasema, basi ni nani?

Akatoa simu yake. Ameyatunza maandishi yale miaka miwili. Ni ya kwangu, kundini, tarehe tano Desemba mwaka ule, katikati ya mabishano na Erasto. Nimeandika, kwa herufi zangu mwenyewe: *Mmechelewa, wazee wa kisu. Mwanangu amevuka mto Mara, yuko chini ya paa la damu yenu wenyewe, na hamna ubavu wa kumgusa.*

Damu yao ng'ambo ya mto ni Mokami peke yake. Hata mtoto wa chekechea angejua.

Nakumbuka nilivyolipenda lile neno, ubavu. Nakumbuka nililisoma mara mbili kabla ya kulituma.

Lilian hakulia. Alisema, "Sikutaka kukuambia, maana ulikuwa unalia sana." Kisha akasimama, akakunja kanga, akaenda kuendelea na mchele wake. Nimebaki humu ndani mpaka bati lilipoanza kupoa. Nimesoma historia za mapinduzi ya nchi tatu, najua majina ya wasaliti wa karne mbili, na jina la msaliti wa nyumbani kwangu nimelisoma leo kwenye simu ya mtoto.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemwambia Jackson amwite dada yake. Hakuniuliza kwa nini. Nadhani alikuwa anajua siku zote, na hilo ni zito kubeba kuliko lile jingine.

Jumatano, 6 Novemba

Erasto ameandika mara tatu. Nimeapa: kundini siandiki tena. Vidole vinawasha kama vimeshika upupu.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Tangi la maji limefungwa. Yassini amechomelea jiko la bati lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Jackson ameandika chini ya yale maneno ya jeshi, kwa chaki: MOTO UKIWAKA, MADIRISHA MAWILI WAZI. Akatuapisha mmoja mmoja. Anasema boksi la bati likifungwa na mkaa unawaka, watu hawaamki.

Jumamosi, 16 Novemba

Mokami amekuja.

Amezeeka. Alitokea njia ya kwa Erasto, kwa kuwa alianza kumsalimia mama yao anayeishi kule kwenye kibanda chake cha nyuma, mama wa miaka tisini ambaye bado anapikia kuni. Chini ya kanga alikuwa na chungu kimefunikwa kwa jivu. Mkono wa kushoto umekunjika kifuani kama bawa.

Nilitoka kumlaki. Nilikuwa nimeandaa maneno, na mimi sikosi maneno. Yalikataa.

"Wifi," nikasema.

"Wifi," akasema. "Umenenepa."

"Sijanenepa."

"Basi ni huzuni imekuvimbisha. Nipishe, kaa linakufa."

Alipanda ngazi kwa mkono mmoja, akapiga magoti mbele ya jiko la bati, akalitazama kwa dharau. "Hiki kidude ndicho kitakachopika?" Akapakua makaa matatu, akaweka mkaa juu, akapuliza mpaka macho yakamwaga machozi. Gati alimshikia bomba. Moshi ulipotoka juu ya paa, Jackson alivua kofia.

"Erasto amekuuliza umebeba nini?" Jackson aliuliza.

"Kanikaribisha chai. Nimekunywa na chungu kiko miguuni. Aliyenipakulia makaa ni mama mwenyewe. Kaniambia, 'Mpelekee yule wa mwisho, na mwambie mke wake apunguze kelele.'"

Yassini alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Kisha nilimshika Mokami ule mkono usionyooka, nikasema nilichokuwa nimeshindwa kusema. Hakunijibu kuwa amenisamehe. Alisema, "Nani atalinda moto? Ninyi mna shughuli. Nitabaki."

Alhamisi, 21 Novemba

Wazee wa mila wamekaa. Msimu unafunguliwa Jumamosi ya tarehe thelathini kwa wavulana. Wasichana wanaanza Alhamisi inayofuata. Hakuna aliyetangaza, na kila mtu anajua. Wiki hii wamepita wagombea wa uongozi wa kijiji, mlango kwa mlango, wakiahidi maji, barabara, mbolea. Nilimuuliza mmoja kuhusu kisu. Akaniambia hilo ni suala nyeti. Kisu hakipigi kura, ila wenye kisu wanapiga.

Yassini amemaliza, ameondoka. Alimwachia Gati tochi ndogo. "Mwambie Mungu," aliniambia, "na umwambie pia Baba Lilian akusikie kuhusu ile gia. Au wewe umsikie yeye."

Jumapili, 24 Novemba

Jackson anasema gia ya pili bado. Kuna meno yameliwa, anangoja kipuri kutoka Musoma, labda Ijumaa, labda Jumatatu. Jumatatu ni baada ya tarehe thelathini. Nilisema tunaondoka Alhamisi. Akasema njia ya kupanda barabara kuu ina mlima, na mlima huo bila gia ya pili na mzigo huu na tope hili ni kamari.

Nikamwambia, "Sema tu kuwa unamwogopa kaka yako."

Nilijua ni uongo wakati natamka. Nilitamka kwa sababu nilijua litamsogeza. Na likamsogeza. "Alhamisi," akasema, na akatoka nje kwenye mvua bila kofia.

Alhamisi, 28 Novemba

Tumeondoka alfajiri, watu watano: Jackson kwenye usukani, mimi pembeni yake, Mokami, Lilian na Gati nyuma na moto. Tulipita kwa Simon. Kisyeri alikuwa anachota maji, akapunga mkono, Gati akapunga kitambaa cha dirishani. Bondeni lori lilikwenda kama ng'ombe mzoefu. Niliimba. Mlimani Jackson akaingiza ya pili, ikaruka, akairudisha, ikaruka, nikasikia kitu kinasaga chini ya miguu yangu kama meno ya mtu anayeota. Tulirudi nyuma taratibu, mita kwa mita, breki zinapiga yowe, mpaka gurudumu la nyuma likaingia mtaroni na lori likalala kidogo ubavu, likatulia.

Tumetoka nyumbani kilomita tatu. Barabara kuu iko juu yetu, mita mia mbili. Nyuma yetu mvua imeshakata njia ya bondeni kwa magari.

Jackson alizima injini. Hakuniangalia. Alisema, "Angalieni moto kama umemwagika." Haukumwagika. Mokami alikuwa amelikumbatia jiko kwa mkono wake mzima, amevaa magunia mawili kifuani.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimepiga simu kote nilikojua. Wote wanasema jambo moja na wana haki: hata barabara kuu imefunikwa na maji, gari dogo halipiti, watakuja maji yakipungua. Tumechimba kutwa. Tope linarudi.

Usukani umemtoa Jackson malengelenge viganjani. Nilimfunga vitambaa. Nikamwambia sikupaswa kusema vile. "Ulisema," akajibu, "na mimi nikaendesha. Tumefanya wote wawili."

Jumamosi, 30 Novemba

Walikuja mchana, baada ya wavulana kupelekwa. Tulisikia filimbi kwanza, halafu miguu. Labda watu sitini, vijana wamejipaka unga usoni, wanawake wanaimba. Njia yao inapita hapa hapa. Mimi ndiye niliyewapelekea mtoto mlangoni.

Jackson alifunga makomeo yote matatu. Gati alipanda kitanda cha juu, akajikunja nyuma ya magodoro. Lilian alipanda akalala mbele yake, akaipa mgongo dunia nzima.

Fimbo zikaanza kugonga bati. Ndani ni kama kukaa kwenye ngoma. Kisha kimya, na sauti ya Erasto.

"Jackson. Fungua, mura, mdogo wangu. Tumekuja kwa heri."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fungua. Mtoto ana zamu yake Alhamisi, anakwenda kukaa kwa mama yake mkubwa mpaka siku hiyo."

"Sifungui."

"Usinilazimishe kuvunja. Na nikivunja sijavunja nyumba ya mtu. Hili ni gari tu. Nilishasema mbele ya ukoo wote."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu kumi, yamejipanga ulimini kama risasi, na nikaona mkono wa kulia wa Mokami umenyooka kunizuia. Akasogea dirishani. Akashika nondo.

"Erasto, nani kakuambia hili ni gari?"

"Mokami? Unafanya nini humo?"

"Nalinda moto."

"Moto gani?"

"Wa mama. Kaa la jikoni kwake. Siku ile unaninywesha chai lilikuwa miguuni pako. Toka hapo uangalie juu."

Nilichungulia. Uso wa Erasto ulipanda kwenye bomba la paa, na nyuso zote nyuma yake zikapanda. Mvua ilikuwa nyepesi na moshi ulitoka mweupe, umenyooka. Mwanamke mmoja akaacha kuimba. Mzee Mogesi, mkubwa kuliko wote pale, anayeongoza msimu, akasogea na fimbo yake mpaka karibu na gurudumu. Huyu hanipendi, nimeshamtukana kwa jina.

"Moto umetoka kwa mama yenu?" akamuuliza Mokami.

"Muulize mwenyewe. Hajafa."

Mzee akageuka kwa Erasto. Hakupandisha sauti. "Ukivunja mlango wenye moto wa mama yako, umevunja nyumba ya mama yako. Utatengwa na sisi mpaka usafishwe. Na msimu ukiwa wazi hakuna wa kukusafisha."

"Mzee, ni lori! La jeshi!"

"Naona moshi. Ni nyumba." Kisha akatazama bomba tena, muda mrefu. "Siku moshi ukikoma, ni lori."

Wakaondoka. Wameacha vijana wawili chini ya turubai, ng'ambo ya mtaro, wanatazama bomba letu kwa zamu.

Miezi miwili na nusu nimebishana na mtu huyo kwa historia, kwa sheria, kwa biblia, kwa takwimu. Kilichomrudisha ni makaa matatu niliyoyacheka. Sijageuka kuwa mtu wa mila. Mila hiyohiyo iliyozuia mlango ndiyo itakayoshika kisu Alhamisi. Naandika tu kilichotokea.

Katika wale wanaoimba alikuwepo Kisyeri. Amefungwa kitambaa kichwani kama mgeni wa heshima. Aliangalia mapazia ya kitenge, akatafuta, hakumwona Gati. Simon baba yake alisimama nyuma kabisa. Macho yetu yalikutana. Akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua. Mkaa uliobaki ni robo gunia, nusu yake umelowa.

Jumatatu, 2 Desemba

Tumeanika mkaa juu ya magodoro. Mokami anaupima kwa kiganja: mpaka kesho jioni, tukibana mpaka Jumatano asubuhi. Tumeshachoma mbao za rafu. Lilian alitoa vitabu vyangu kwenye sanduku, akanitazama, nikasema choma. Yale magamba magumu yanaungua vizuri. Gati hajashuka kitandani tangu Jumamosi ila kwa ndoo. Jackson amekagua giaboksi tena: ya tatu ni nzima. Lori likivutwa hizo mita mia mbili hadi juu, barabara kuu ni tambarare, litakwenda lenyewe. Anahitaji ng'ombe wa plau, jozi sita, na minyororo. Mara hii nimemsikiliza mpaka neno la mwisho.

Nimekaa siku ishirini na sita bila kuandika kundini. Naandika leo, na haya nitayatuma kama yalivyo. Mahali tulipo kila mtu anapajua, kwa hiyo sina siri ya kuvujisha. Lilian ameyasoma kwanza na kufuta sentensi nane zilizomhusu baba yake mkubwa. Alisema, "Hizo ni zako, mama. Hazivuti lori." Yaliyobaki ni haya.

Erasto, wewe sikuandikii. Nawaandikia wanaume saba mlionitumia ujumbe wa siri. Mnajijua. Nimewahesabu usiku na mchana kama mtu anavyohesabu jozi za ng'ombe, na nyote saba mnazo. Sitaki tena "tuko pamoja". Sisi tuko ndani ya boksi la bati mtaroni na mkaa wa siku moja. Mnaposema pamoja, mnamaanisha wapi? Hakuna anayewaomba mpigane. Hakuna anayewaomba muwapinge wazee, nilishawapinga mimi vya kutosha na mmeona faida yake. Kuvuta gari lililokwama si kosa kwa mila yoyote ya hapa. Mvutieni mtu lori lake. Kesho Jumanne, saa moja asubuhi, mlimani, jozi sita na minyororo.

Na wewe, Simon. Ulikuwa wa kwanza kuniandikia na umeniandikia mara nne. Juzi nilikuona unafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Zamu ya binti yako ni Alhamisi, siku ileile ya binti yangu. Njoo kesho mchana kweupe, wale vijana wawili wakuone. Mkono mmoja shika mnyororo, mwingine mshike Kisyeri. Kitanda cha juu upande wa dirisha kina godoro, na hakina mtu.